Mkono Begani mwa Tavon

Jumamosi asubuhi Bi Earlene Pettway alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi za mlango wa mbele, akisugua marumaru kwa brashi na unga wa kusafishia, kama mama yake alivyokuwa akisugua. Nyumba za Mtaa wa Tolliver, magharibi mwa Baltimore, zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nusu yazo zimezibwa madirisha kwa mbao, lakini ngazi za Bi Earlene zilikuwa nyeupe kiasi kwamba watu wenye viatu vichafu walizikwepa. Alivaa fulana yenye picha ya marehemu mwanawe. Hapo kifuani, Tavon alikuwa anahitaji kunyolewa.

"Bi Earlene!" aliita Odell, muuza matunda, akisimamisha farasi na mkokoteni wake wa matikiti. "Huyo kijana nywele zimemzidi. Mpeleke kwa kinyozi."

"Nimpelekeje? Nikaiweke fulana kwenye kiti?"

"Basi mchane hata kidogo."

"Mwanamume wa miaka ishirini na mitatu nimchane mimi? Hebu nichagulie tikiti, wewe, uende zako."

Tavon alikufa akiwa na miaka kumi na tisa.

Fulana hizo mtaani kwetu si kitu kigeni. Mtu akiuawa, kabla hata ya jeneza kuchaguliwa, jamaa zake huenda na picha kwa Bwana Yancey, mwenye karakana ya kuchapa fulana karibu na kanisa. Yeye humkata marehemu kutoka kwenye picha, humpa mawingu na mabawa, na chini yake huandika siku jua lake lilipochomoza na siku lilipozama. Watu huivaa kwenye maziko, na baada ya hapo kila siku ya kuzaliwa ya marehemu. Wapo wenye droo nzima ya fulana kama hizo, na zilizochakaa huzivaa kulalia.

Picha ya Tavon ilipigwa kwenye karamu ya nyama choma, vijana wanne wamekumbatiana wanacheka. Bwana Yancey aliwakata wale wengine, ila mkono wa mmoja wao ulibaki, vidole vimelala kwenye bega la kushoto la Tavon.

"Niufute huu?" aliuliza.

"Uache," Bi Earlene alimwambia. "Asiende peke yake."

Hakuuliza ni mkono wa nani. Siku ile hakuwa na nguvu ya kuuliza chochote.

Tavon alipigwa risasi jioni ya joto, mbele ya duka la kona linalouza kuku na samaki wa kukaanga, mtaa mzima ukiwa umekaa nje kwenye ngazi. Wengine husema ugomvi ulikuwa wa kamari ya dadu, wengine husema ni neno tu alilolisema akicheka. Polisi walipouliza, ikaonekana kila mtu alikuwa chooni. Kwa hesabu hiyo Mtaa wa Tolliver una vyoo vingi kuliko hoteli. Msimu ule wa majani kupukutika akazaliwa binti wa Tavon, Zoria, na mama yake mtoto alipohamia kwa mwanamume mwingine, mtoto akabaki kwa bibi. Analala chumba cha mbele, kitanda chake chini ya dirisha linalotazama barabara, kwa sababu chumba cha nyuma kinavuja. Dirisha hilo Bi Earlene hulitazama kila anapotaka kufungua mdomo. Mama mmoja wa mtaa wa pili alikubali kwenda mahakamani kusema aliyoyaona, na wiki ile ile mlango wake ukamwagiwa petroli watoto wakiwa ndani. Walitoka salama. Mahakamani hakwenda.

Kukua kwa Tavon kwenye fulana kulianza mara tu baada ya maziko, kwa masharubu. Wamama wa kanisani ndio walioona kwanza, na kilichomuudhi mchungaji ni kwamba sasa watu walitazamana vifuani badala ya kusikiliza mahubiri. Mabega yakapanuka. Fulana zote zilikwenda sawa, hata zile zilizosahauliwa chini ya vitanda. Baadaye Tavon akaanza kuvaa miwani. Bi Earlene aliifurahia miwani ile kuliko kitu chochote alichopata miaka hiyo, kwa kuwa tangu utotoni alimwambia macho yake ni mabovu naye akakataa katakata kupimwa. Akawa anaivaa fulana kila siku, akiifua jioni kwa maji baridi na kuipiga pasi pembeni pembeni, asimguse usoni.

Alichokosa ni sauti. Tavon alisogeza midomo, alicheka, siku nyingine ilionekana kabisa anaongea, lakini hakikutoka kitu. Simu ya zamani iliyokuwa na sauti yake ilitumbukia kwenye sinki la vyombo, na fundi akasema haina dawa. Bi Earlene alitamani kumsikia mara moja tu akiingia mlangoni na kupaza ile sauti yake ya njaa, "Ma, kuna nini cha kula?" Alilitamani hilo akipika, akifua, akisubiri basi, akiwa katikati ya wimbo kanisani hadi akapoteza ubeti. Huwa inauma vibaya zaidi, alimwambia Odell, kumuona mtu anaongea na humsikii.

Mkono nao ulikuwa hai. Mwanzoni haukumshughulisha mtu. Kisha mwaka huu, mwezi wa sita, Lamarr Gaither akaoa. Mtaa mzima ulikwenda, na Bi Earlene alipika makaroni na jibini sufuria mbili, maana Lamarr amekulia jikoni kwake. Nyumba yake ni ya nne kutoka hapo. Alisoma na Tavon, alibeba jeneza la Tavon, na theluji ikianguka huanza kuzoa ya ngazi za Bi Earlene kabla ya zake mwenyewe. Asubuhi baada ya harusi, ule mkono begani mwa Tavon ulikuwa umevaa pete.

Watu waliiona. Waliitazama pete, kisha wakatazama miti, ambayo mtaa wetu hauna mingi.

Pete peke yake isingekuwa neno. Marafiki hushikana mabega. Lakini kuanzia siku ile Tavon alianza kulivuta bega lake. Kila Lamarr alipopita barabarani, Tavon alijikunyata na kuinamia upande wa kulia, na vidole vikamfuata vikaminya. Bi Earlene alikaa kwenye ngazi zake akayaona hayo mara nyingi kuliko alivyotaka. Hakuna aliyemwambia jambo. Mwishowe alienda kwa Bwana Yancey.

"Nitengenezee nyingine isiyo na mkono."

Bwana Yancey alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. "Nimeshajaribu, Bi Earlene. Nilijaribu juzi, bila kukuuliza, unisamehe. Naufuta kwenye picha, nachapa, fulana ikikauka unarudi."

"Ulijua ni wa nani?"

"Niliwakata mwenyewe wale vijana kwa mkasi," alisema. "Nilijua."

"Na lile la pale dukani kona? Unalijua?"

Bwana Yancey akavaa miwani. "Siku ile mimi nilikuwa chooni," alisema, na machozi yalimtoka.

Bi Earlene akaenda kwa mpelelezi pia, mjini, mbali na macho ya mtaa. Mpelelezi Brodka alikuwa mwanamume mstaarabu mwenye tumbo. Aliitandaza fulana mezani, akaitazama, akasema kwamba ni kweli, huyo kijana anaonekana hamtaki huyo aliyemshika.

"Lakini mama, fulana haiwezi kupanda kizimbani. Nahitaji mtu. Nipe mtu mmoja aliyeona."

"Walikuwepo mtaa mzima."

"Ndivyo ninavyosikia kila mahali. Na wewe uko tayari kuliandika jina, utie sahihi?"

Bi Earlene alifikiria kitanda kilicho chini ya dirisha. Akaikunja fulana vizuri, mikono ndani, akaitia kwenye mkoba.

"Nitarudi," alisema. Mpelelezi akamfungulia mlango.

Siku ya kuzaliwa ya Tavon iliangukia Jumapili. Meza ziliwekwa katikati ya barabara, zikatandikwa magazeti, na kila mtu akaja na fulana yake na puto la buluu la kurusha. Lamarr alikuja na ndoo ya kaa waliochemshwa na kupakwa viungo vyekundu. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amevaa koti na kulifunga zipu hadi kooni.

"Vua koti, wewe, utaiva kuliko hao kaa," alisema Bi Earlene.

"Niko sawa, Bi Earlene."

"Hauko sawa. Unatiririka. Vua."

Meza zote zilikuwa zinasikiliza. Lamarr akafungua zipu. Ndani alikuwa amevaa fulana ya Tavon, mpya kabisa, ina mikunjo ya kukaa kwenye droo. Hakuwahi kuivaa tangu maziko. Tavon akamtazama kutoka kwenye vifua vyote vya mtaa. Kisha akageuka, bila haraka, kama mtu aliyeomba ruhusa ya kuondoka mezani, akawapa wote kisogo. Mkono haukugeuka. Ulibaki pale pale juu ya bega, na pete yake.

Halafu mtu mmoja akaomba apewe siagi, ikapita mkono kwa mkono, watu wakaendelea kuvunja kaa kwa nyundo ndogo za mbao. Lamarr alikula kidogo. Maputo yalirushwa jua likielekea kuzama, na yakapitia juu ya duka la kona kama kila mwaka.

Bi Earlene aliingia ndani akalia. Alikuwa amevumilia mengi, lakini kunyimwa uso wa mwanawe kulikuwa kumezidi. Alivua fulana ili aifue, akaigeuza upande wa ndani kama afanyavyo mtu yeyote anayeogopa kuharibu chapa. Tavon alikuwa huko ndani, anamtazama. Kumbe aliugeukia kifua cha mama yake. Miwani ilikuwa imepanda kidogo upande mmoja, na begani hakukuwa na mkono wowote. Bi Earlene alikaa naye kitandani hadi Zoria alipokuja kuulizia uji.

Tangu hapo aliivaa vile vile, kisogo nje, uso ndani. Mtaa ulizoea. Odell alisema heri hivyo, maana sasa ndipo ilipoonekana wazi kwamba kijana anahitaji kinyozi. Bi Earlene alikuwa akihisi ngozini miwani ikisogea, pumzi ikija na kwenda, na wakati mwingine midomo. Alitembea polepole asimchoshe. Alizima redio. Alikuwa anasubiri.

Mwezi wa kumi na moja alirudi kutoka sokoni na mifuko mizito, Lamarr akamuona kutoka mbali akaja mbio.

"Lete hiyo, Bi Earlene. Utajivunja mgongo halafu nani atanipikia makaroni?"

"Mkeo hajui kupika?"

"Mke wangu anajua kuagiza."

Alichukua mifuko yote kwa mkono mmoja. Ngazi zilikuwa na barafu nyembamba, kwa hiyo ule mwingine akauweka begani kwa mama huyo, bega la kushoto, ili asiteleze. Ndipo Tavon aliposema. Sauti ilikuwa nzito kuliko ilivyokuwa, sauti ya mwanamume mzima, lakini ni yeye, Bi Earlene angeijua hata kaburini. Ilipita kwenye mbavu zake neno kwa neno. Ilisema jina, jina la kwanza na la ukoo, na ilisema alichofanya mwenye jina hilo, na mahali alipokuwa amesimama alipokifanya.

Bi Earlene alisimama kwenye ngazi ya juu. Mbele yake, nyuma ya kioo cha dirisha, Zoria alikuwa amelala usingizi wa mchana, mguu mmoja nje ya blanketi. Akaweka kiganja kifuani, akabonyeza.

"Basi, baba," alisema taratibu. "Nyamaza sasa."

Sauti ikakoma.

"Unaongea na nani?" aliuliza Lamarr.

"Na mwanangu."

Lamarr alitazama chini, kwenye mifuko. "Anasemaje?"

"Anakusalimia."

"Msalimie na mimi," alisema Lamarr. Akatangulia ndani, akayaweka maziwa kwenye friji na mayai mahali pake, na alipotoka akaurudisha mlango polepole ili mtoto asiamke.