Sauti Ndani ya Betri

Siku ile mjinga alikuwa Evert, na hakuna aliyemsaidia kuupata ujinga huo. Aliutafuta mwenyewe, kwa sindano ya kufumia ya marehemu mama yake. Makapi ya nyasi kavu yalikuwa yameziba tundu la chaji la simu yake ya zamani, naye akaona ayachokonoe. Makapi yalitoka. Kilimi cha ndani ya tundu nacho kikatoka, kikamlalia kiganjani kama jino la mtoto.

Ndani ya simu hiyo ndimo ilimobaki sauti ya mama. Maisha yake yote mama alisimama mlangoni pa kibanda cha malisho ya kiangazi, huku juu kwenye misitu ya Dalarna, akipaza ule mwito mwembamba unaopanda hadi kuipita misonobari, na ng'ombe wakarudi. Alipofariki, Evert akawa anaitega simu kwenye faneli ya bati na kubonyeza, nao wakaendelea kuja. Gunnel, dada yake, alimwomba tena na tena amrushie rekodi ile. Alikataa. Aliona ni kama kumgawa mama vipande.

Sasa uyoga ulikuwa umeota, na ng'ombe wakiuonja uyoga husahau kwao. Jua lilikuwa limeshukia vilele vya miti, wanyama hawaonekani, na juzi tu dubu alikuwa amemrarua mtamba wa jirani.

"Umechokonoa na nini?" Gunnel aliuliza.

"Sindano."

"Kwani shoka lilikuwa mbali?"

Evert aliigeuza simu. Alibandua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akakata kichwa cha waya wa chaji na kuumenya: uzi mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa. Upande wa pili akauchomeka kwenye paneli ndogo ya sola iliyokuwa ikiwasha taa ya kibanda. Alijaribu kuzibana nyuzi kwa kibanio cha nguo, kikateleza. Basi akazishikilia kwa vidole, ameinama kama anayelisha kifaranga.

"Hiyo itakulipukia usoni, mdogo wangu."

"Ikichemka naachia."

"Acha niwaite mimi."

"Wewe? Sauti yako inakwaruza. Wao wamemzoea mama."

"Na mama kabla hawajamzoea walikuwa wanamzoea nani?"

"Dada, nimesema ngoja kidogo."

"Mimi nitangoja. Kamwambie na dubu angoje."

Alitoka. Evert akabaki na nyuzi zake. Betri ilianza kupata vuguvugu chini ya kidole gumba, na joto lile likampeleka asikotaka: hospitalini, kwenye kiganja cha mama kilichobaki na joto pumzi ilipokwisha kukoma. Alikishika kiganja kile asiite muuguzi, kwa kuwa kumwita kungekuwa kukubali. Gunnel ndiye aliyeingia, akatazama, akaenda kuita. Evert hakumsamehe kwa hilo. Hakuwahi kumwambia, wala hakuwahi kumsamehe.

Nje, Gunnel alipaza mwito. Ulianza vizuri, ukapanda, ukavunjika katikati kama tawi bichi, lakini hakuukatisha. Aliusukuma na ufa wake mpaka mwisho. Kimya. Akaita tena. Kisha, mbali upande wa bwawani, kengele ya ng'ombe ikalia.

Majros, ng'ombe kiongozi wa kundi, alitangulia, mdomo umejaa vipande vya uyoga, kiwele kikiyumba. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja hadi msitu ukamaliza kuwatoa.

Evert alirudisha betri, akawasha. Simu ikaitikia. Alijikongoja hadi mlangoni, akabonyeza, na sauti ya mama ikatoka, safi, bila mkwaruzo wowote. Majros aligeuza sikio. Alilishikilia hivyo kidogo, akashusha kichwa, akaendelea na safari yake ya zizini. Skrini ikazimika.

Evert alisimama na ile simu mkononi, haijapoa bado.

"Pale mwisho hukupandisha," alisema. "Mama alikuwa anapandisha. Haikuwa kama yake hata kidogo."

Gunnel alikwisha kukaa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Hakugeuka.

"Hawajaja matangani, Evert. Wamekuja kukamuliwa."