Msiba Uliopimwa Damu

Tunu alifariki mwishoni mwa masika. Kipupwe kilipoingia, mimi nilikuwa mfiwa wa kupigiwa mfano Bagara nzima. Nilisinzia dukani na sweta mbili mwilini, sauti inakwaruza, uso umevimba. Wateja walinong'ona, "Rehani alimpenda mkewe, jamani." Nilisikia, nikainamisha kichwa zaidi kidogo.

Kitu kimoja kilinisumbua: sikuwa nimelia, hata makaburini. Nikajifariji kwamba baridi ile ndiyo machozi yangu.

Binti yangu Shadya alikuja kutoka Arusha, akaitazama shingo yangu iliyojaa, akanipeleka hospitali. Daktari, msichana wa rika lake, alisoma majibu ya damu.

"Mzee, tezi yako ya shingo imelegea. Ndiyo maana unasikia baridi na unasinzia hivi."

"Nimefiwa, daktari."

"Pole sana, mzee. Lakini na tezi pia."

Nilijiona kama nimevuliwa nguo sokoni. Msiba wote ule, kumbe tezi! Halafu nikaogopa kwelikweli: nikipona, nitabaki na nini cha Tunu? Vidonge alivyonipa daktari nikavificha chini ya godoro.

Shadya alivikuta akitandika kitanda. "Baba, unataka kumfuata mama kwa njia hii? Atakucheka."

Angenicheka kweli. Nikaanza kumeza kila asubuhi, nikisubiri kabla ya kugusa chai, kama daktari alivyoagiza.

Shadya aliporudi Arusha, Mama Mudy, jirani yetu, akaja kunifundisha kupika. Alifungua kopo langu la chumvi.

"Baba Shadya, hii si chumvi ya ng'ombe?"

Ndiyo ile ninayowauzia wafugaji. Niliona chumvi ni chumvi.

"Lete ya pakiti, yenye madini joto. Haitachukua nafasi ya vidonge vya tezi, lakini wewe si ndama. Funika kopo. Na chumvi utie ukishaipua chungu, madini yasipotee bure kwa moto."

Tunu alifanya hivyo miaka yote. Mimi nilidhani huisahau chumvi, nikamtania mbele ya wageni.

Baridi ilipoanza kupungua nilivua sweta moja. Siku hiyo nilipika perege wa ziwani mwenyewe, nikaipua, nikatia chumvi, nikaonja. Ulikuwa mchuzi wa Tunu. Nililia kwa sauti, mwiko mkononi, mpaka Mama Mudy akatokea mlangoni.

"Chumvi imezidi?"

"Imetosha," nikasema, nikasonga ugali huku nalia.