Mayai Yaliyoitikia Jina

Kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili kasoro robo asubuhi, dereva wa machinjioni alimletea 'MaKananelo chupa ya chai isiyo na chai. Ndani mlikuwa na ovari za kondoo zikielea kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili. 'MaKananelo aliziosha mara tatu, akazikwangua utando wa juu, na seli alizopata akazilaza kwenye visahani na kuzinywesha mchuzi mwekundu wa maabara. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote Maseru.

Vitabu vilisema kwamba jike huzaliwa na mayai yake yote, na yakiisha yameisha. Dokta Limpho, mkuu wa maabara, hakukubali. Aliamini kwamba kwenye ovari zimejificha seli shina, zinazoweza kuzaa mayai mapya hata uzeeni.

'MaKananelo hakuwa na Kananelo. Jina hilo, lenye maana ya mama wa Kananelo, alipewa na wakwe siku ya harusi, kama anavyopewa kila bibi harusi wa Kisotho, ili mtoto wa kwanza akija akute jina linamngoja. Mtoto hakuja. Mwaka wa pili wa ndoa alipasuliwa uvimbe, hedhi ikakatika, akaambiwa ni mawazo. Wakwe walimwogesha dawa na kumwombea mbele za watu, na Lefa, mumewe, alikaa pembeni na kofia yake mapajani bila kutia neno. Baadaye Lefa alihamia kwa mwanamke mwingine, kisha akafa. Jina likabaki kwa mjane.

Agosti moja kondoo waliugua na machinjio yakafungwa. Dokta Limpho akafungua tangi la baridi, akatoa kichupa namba arobaini na moja, chenye ovari ya binadamu iliyogandishwa zamani. Siku ya tisa seli zake zilikuwa zimezaa mayai mapya, mia mbili na ushei. Siku ya kumi mfagizi alipaza sauti kutoka koridoni, "'MaKananelo! Chai inapoa, au unataka tuje kukubeba?"

Mayai yote yakasogea upande wa mlango.

"Mwambie aite tena," alisema Dokta Limpho, jicho likiwa kwenye hadubini.

Mfagizi akaita tena, yakasogea tena. Dokta akaandika saa na joto la chumba. Akajaribu majina ya wanawake wengine watano, na mayai yakatulia tuli. Ndipo akateremsha daftari la tangi na kutafuta namba arobaini na moja. Tarehe ilikuwa ya ule upasuaji wa uvimbe wa 'MaKananelo. Ovari zilizotolewa: mbili. Chini palikuwa na sahihi ya Lefa, kwa kuwa enzi hizo mke alisainiwa na mume.

'MaKananelo aliigusa sahihi ile kwa kidole. Iliuma kuliko msiba.

"Dokta, mwanangu," alisema, "sitaki fidia. Niandikie karatasi moja tu, kwamba sikuwa tasa. Niipeleke kwa wakwe, isomwe mbele ya wale walioniogesha."

Dokta Limpho aliipeleka hoja kwenye kamati ya taasisi. Kamati ilijibu ndani ya wiki moja: siri ya kichupa ni ya aliyesaini, na kama amefariki, ni ya ukoo wake. Akaitwa Mohlomi, kaka mkubwa wa Lefa, mzee wa blanketi zito na fimbo.

Walimwonyesha kisahani. Mohlomi alivua kofia, akayasalimu mayai kwa majina ya ukoo, taratibu, kama anavyosalimiwa mgeni aliyetoka mbali.

"Hawa ni wetu," alisema. "Ng'ombe wa mahari tulitoa sisi."

"Ni wenu, shemeji, sikatai," alisema 'MaKananelo. "Basi sema ukweli. Mdogo wako alijua."

"Alijua. Na mimi aliniambia."

"Ukaninyamazia miaka yote hiyo?"

"Sasa ningefanyaje, shemeji? Nimwumbue ndugu yangu? Marehemu amelala, tusimfukue. Kazi yenu iendelee, naweka sahihi. Lakini karatasi hiyo hapana."

Akasaini mara mbili, kukubali na kukataa, akaomba kalamu abaki nayo. Akapewa.

Kazi ikaendelea. Shida ilikuwa moja: kila mara jina lake lilipotamkwa koridoni, mayai yalihama na hesabu ikavurugika. Kamati ikatoa agizo kwamba ndani ya jengo jina 'MaKananelo lisitamkwe, na mhusika aitwe Nthati, jina lake la usichana. Dokta Limpho alimsomea agizo hilo akiwa ameinamisha macho.

"Samahani, mama. Ni kwa ajili ya hesabu."

"Nimesikia."

Karatasi ya agizo aliibandika yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyejua gundi inakaa wapi. Kisha akanawa mikono, akavaa glavu, akafungua kabati la joto ili ayabadilishie mayai mchuzi. Alipoinama juu ya kisahani, mfagizi alipita mlangoni, akasoma karatasi, akakohoa kidogo.

"Nthati," aliita, "chai."

Mayai hayakusogea. Dokta Limpho aliandika kwamba agizo limefanya kazi.