Kufumba na Kufumbua

"Bado inazunguka," Daktari alisema, bila kuondoa macho kwenye kiduara cha buluu katikati ya kioo cha kompyuta.

Kilikuwa kimezunguka dakika thelathini na tano. Nyuma yake lilijificha faili la mwaka mzima: joto la maji ya bwawa, dakika baada ya dakika, kutoka vihisi kumi na viwili vilivyofungwa kwenye kamba moja iliyoning'inia toka boya hadi karibu na sakafu ya bwawa. Namba milioni sita na ushee. Programu kubwa ya ofisi ilitaka kuzimeza zote kabla ya kuonyesha hata moja, na kila mara ilipaliwa.

Fundi wa vyombo vya kupimia alisimama mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa. Ofisini walimwita Nukta, tangu siku alipogundua kwamba ripoti nzima ilikuwa imepotoka kwa sababu ya nukta moja iliyohama mahali pake. Hakuwa na shahada. Alikuwa na bisibisi, subira, na kompyuta kuukuu aliyoiokoa jalalani.

"Fundi, tusidanganyane," Daktari alisema. "Nimeona wastani wa kila mwezi kwenye ripoti. Maji ya chini kabisa yamepata joto ghafla, na maji ya chini hayana tabia hiyo. Vihisi vimekufa. Saa sita nawapigia wafadhili niwaambie tunaivua kamba, kituo kinafungwa."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. Miaka sita ya maisha yake ilikuwa kwenye kamba ile. Ya Nukta pia, ingawa hakuna aliyewahi kuihesabu.

"Naomba nilifungue kwa ile yangu."

"Ile ya jikoni?"

Ndivyo alivyoiita kikaoni, watu wakacheka. Nukta alicheka nao, kisha akaenda stoo kupanga misumari iliyokuwa imepangwa tayari. Programu ile aliiandika saa za chakula cha mchana kwa miezi kumi na mmoja, mkono mmoja ukibonyeza, mwingine ukishika mkate. Wazo lenyewe lilikuwa dogo: anayeonja mchuzi hanywi sufuria nzima. Programu yake ilichota tu kile ambacho jicho lilihitaji kwa wakati ule, ikaliacha faili lililobaki lipumzike. Aliipa jina Kufumbua.

Daktari alitazama saa ya ukutani. Saa tano kasoro robo. "Lete," alisema.

Nukta aliweka kompyuta yake mezani, akachomeka kadi yenye lile faili, akabonyeza. Mistari kumi na miwili ilitokea papo hapo, kila mmoja na rangi yake, ya juu ikipanda na kushuka na jua, ya chini imelala kama paka aliyeshiba. Mwaka mzima, kutoka ukingo hadi ukingo.

Daktari alivuta kiti karibu.

"Hapa," Nukta alisema. Mwezi wa tatu, mistari sita ya chini iliruka yote kwa pamoja. Aliuvuta mwezi ukawa siku, akaivuta siku ikawa saa. "Vingekufa, kila kimoja kingekufa kivyake. Hivi vimehama. Tazama cha saba, kimelala juu ya cha tano, vinatembea bega kwa bega. Daktari, vihisi ni vizima. Ni kamba imejikunja."

"Imejikunja vipi, katikati ya maji?"

Nukta aliinuka. Alichungulia dirishani, akamwita nahodha wa boti, mdogo wa mumewe, aliyekuwa amejinyoosha gatini kofia imemfunika uso.

"Shemeji, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, ulikuwa wapi?"

"Shemeji, hata mke wangu haniulizi hivyo."

"Jibu."

Nahodha aliingia taratibu, akatazama mistari, akatazama pale iliporuka. Kofia ikahamia mkononi.

"Nanga ilinasa," alisema mwishowe. "Karibu na boya. Nikavuta, ikaachia, nikasema alhamdulillahi, yamekwisha. Sasa hicho kidude kimekaa humo na kuniandika hadi dakika?"

Daktari ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikamshika mbavu, hadi akalazimika kushika ukingo wa meza. Nahodha, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, alimtazama kwa wasiwasi. "Shemeji, huyu ni mzima kweli?"

"Ni mzima. Washa injini."

Walikwenda wote watatu, Daktari na viatu vyake vya ofisini. Kwenye boya walivuta kamba pamoja, vihisi vikija juu kimoja kimoja vikichuruzika maji. Baada ya cha nne ikaja bonge: kamba imejifunga juu ya kamba, kitanzi kikubwa kilichoota mwani wa kijani, na ndani yake cha saba kimebanwa ubavuni mwa cha tano, kama ilivyosemwa mezani.

Daktari alikigusa kwa kidole kimoja. "Kwa hiyo naweza kusahihisha namba zote," alisema polepole. "Najua kila kimoja kilikuwa kwenye kina gani, tangu dakika ipi. Hakuna kilichopotea."

"Hakuna," alisema Nukta, akaanza kufungua fundo.

Saa sita kamili Daktari alipiga simu akiwa amesimama katikati ya boti, mkono mmoja umeshika bega la nahodha asianguke. "Tunaendelea," alisema. "Ndiyo, nina hakika. Fundi wetu ameliona tatizo." Akasikiliza. "Hapana, si ile programu mliyotununulia. Ni yake mwenyewe."

Kamba ilirudi majini imenyooka. Nahodha akaigeuza boti, kwa upande wa mbali kabisa na boya, akiimba kitu kisicho na maneno.

Daktari alikuwa ameomba kompyuta aiweke magotini. Alibonyeza kwa kidole kimoja, kwa woga kwanza, kisha kwa pupa, na siku zikampita mbele ya macho, asubuhi baada ya asubuhi.

"Ngoja. Hebu nirudi kidogo. Hiki hapa ni nini?"

Nukta aliinama. Katika mstari wa chini kabisa, mwezi wa nane, palikuwa na kibonde chembamba ambacho hakuwahi kukiona.

"Sijui," alisema, akasogea karibu zaidi, maji ya kamba yakimtiririka bado viwikoni.