Pumzi Ishirini na Mbili

Sikuwa na shahada. Sikuwa na cheo, wala kiti chenye mgongo, wala nywele za kutosha kuhitaji kitana. Koti langu jeupe nililirithi kwa mtu mfupi, mikono ikaishia karibu na viwiko. Zaidi ya yote, sikuwa na mtu wa kuniambia nimekosea, maana kila aliyejaribu nilimsomea cheti changu cha shule ya jioni.

Nilichokuwa nacho ni mwandiko. Niliusomea nikiwa na miaka arobaini na moja, kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao. Tangu hapo sijaandika herufi kubwa isiyo na mkia.

Kazi yangu ilikuwa kando ya kitanda. Mgonjwa mwenye uvimbe kwenye tezi ya shingo analala, daktari anamchoma sindano nyembamba, anavuta, ananidondoshea tone juu ya kioo. Ninalitandaza, ninaandika jina la mgonjwa kwa penseli pembeni mwa kioo, kisha ninakitumbukiza kwenye chupa ya spiriti ili seli zisiharibike. Baadaye mpimaji wetu, mama mmoja mkali tuliyemwita Jicho, anakitazama kwa hadubini.

Mwaka ule karibu kila mgonjwa wa tatu alijibiwa "sampuli haitoshi". Wakaitwa tena, wakachomwa tena. Mkosaji nilimjua: daktari. Alikuwa mgeni, na mimi sijawahi kumwamini mgeni. Nikaanza kumwandikia mganga mkuu barua ya mashtaka. Ilifika ukurasa wa nne nikiwa bado kwenye salamu.

Ndipo uvimbe ukamtokea mke wangu. Alichomwa mara mbili. Mara zote mbili: haitoshi.

"Sirudi," alisema, ameinamia cherehani yake. "Sindano ninazo za kutosha hapa."

"Mama watoto, na kama ni kitu kibaya?"

"Unadhani mimi siogopi? Nataka kujua kuliko wewe. Lakini mtanichoma mpaka lini?"

"Kosa ni la daktari. Naandika barua."

Akaweka mkasi chini. "Daktari aliniambia nisimeze mate. Ili nisimeze, nikawa nahesabu pumzi. Sindano yake ilichukua nne. Halafu wewe ukainama na penseli yako. Nikahesabu ishirini na mbili kabla kioo hakijaingia kwenye chupa."

"Nilikuwa naandika jina lako."

"Nililiona. Lilipendeza, hata barua za uchumba hukuniandikia hivyo. Lakini kile kitone, baba watoto, kilikuwa kimeshakauka."

Nikacheka kicheko cha msomi. "Hayo ni mambo ya kitaalamu, mke wangu."

"Basi kamuulize mtaalamu."

Asubuhi nikamwendea Jicho, kwa kuzunguka. "Tuseme mtu, si hapa kwetu, akichelewa kukitia kioo kwenye spiriti..."

"Mzee, mtu huyo amevaa koti la mikono mifupi?"

"Tuseme."

Akavuta rundo la fomu. Pembeni mwa kila "haitoshi" alikuwa amekwaruza: seli zimekauka. "Wewe ndiye unayenakili majibu kwenye daftari kubwa. Hii huioni?"

Nilikuwa naiona. Mwandiko wake ulikuwa mbaya mno, nami niliiruka kila mara ili isinichafulie ukurasa.

Nikakaa kwenye kiti changu kisicho na mgongo. Watu walikuwa wamechomwa mara mbili ili mimi nipate kuyaremba majina yao mara mbili. Zile kurasa nne nikazichana, na aibu zaidi ni kwamba niliziangalia kwanza jinsi zilivyopendeza.

Nyumbani mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa sharti. "Nitalala tena. Lakini mkuu ataandikiwa, na kosa litakuwa lako. Kwenye lile benchi la wagonjwa kuna watu wasio na wa kuwahesabia pumzi."

Safari hii niliandika jina lake kabla sindano haijatoka kwenye pakiti. Tone, tandaza, tumbukiza. Jicho, niliyemwomba aje na hadubini yake, akakipaka rangi kioo cha kwanza palepale, akachungulia, mke wangu akiwa bado kitandani na mimi nikiwa nimeishika ncha ya shuka.

"Seli zipo. Zimejaa. Inuka, mama."

"Ilikuwa pumzi ngapi?" nilimuuliza mke wangu.

"Moja na nusu. Ile nusu ulikuwa unajisifu."

Alhamisi majibu yakatoka: si saratani. Niliyanakili kwenye daftari kubwa kwa mkono wangu, na chozi likadondoka katikati ya ukurasa. Sikuuchana.

Nilitumaini furaha ingemsahaulisha ile barua. Jioni nikakuta karatasi mezani, bahasha juu yake, naye kaketi mkabala.

Nikaandika: Mheshimiwa, vioo vingi vilikaukia mikononi mwangu nikiremba majina. Daktari hana kosa. Naomba majina yaandikwe kabla ya sindano, na kioo cha kwanza kitazamwe mgonjwa akiwa bado kitandani.

"Kumbe unaweza kuwa mfupi," alisema.

Nikalamba gundi, nikafunga. Nikaanza kuandika cheo cha mkuu juu ya bahasha. Nilipofika kwenye mkia wa herufi ya kwanza, nikasikia mke wangu akivuta pumzi kwa sauti.

"Moja," alisema.

Nikamalizia kwa herufi za kawaida. Kesho yake, kabla sijavaa koti, nikaenda kwenye sanduku la ofisi ya mkuu, nikaitumbukiza.