Hukumu ya Kichochoro

Meneja alianza kujenga ukuta wake asubuhi kweupe, wala hakunificha. Alifunga kamba kutoka kona ya nyumba yake mpaka kona ya nyumba yangu, akaikaza, kisha akasimama pembeni kifua mbele kama bwana harusi. Kamba ile ilikata mdomo wa kichochoro, na kichochoro hicho ndiyo njia pekee ya kufika kwenye mlango wa chumba changu cha kushonea. Ukuta ukisimama, wateja wangu itabidi waingilie dirishani. Na wengi wao, nasema kwa heshima maana viuno vyao navipima mwenyewe, hawapiti.

Meneja si jina lake. Aliwahi kushika nyumba ya wageni kwa muda, wenye nyumba waliporudi akaondoka na cheo.

"Jirani," nikamwambia, "njia hii ilishaamuliwa. Mama yangu na baba yako walipelekana mahakamani, na mama akashinda. Mtaa mzima unajua."

"Karatasi iko wapi?"

Hapo alinibana. Nakala ya mama ililoa bati lilipovuja, ikawa uji wa karatasi, na mama mwenyewe sasa hayupo. Nikamgeukia mwashi aliyekuwa anakoroga saruji.

"Na wewe fundi, unajenga tu?"

"Mama, mimi nikiona kamba nafuata kamba," akasema. "Lakini niletee karatasi yenye muhuri wa mahakama, nashusha mwiko hapo hapo. Sijengi juu ya kesi. Nilishawahi kulala ndani kwa sababu ya choo cha watu."

"Basi nisubirini."

"Hatusubiri," Meneja akacheka. "Wewe kimbia tu."

Nikakimbia. Masjala ya mahakama ni chumba chenye dirisha la nondo, na nje yake kuna benchi lililong'arishwa na makalio ya watu wenye shida. Nikachangia kuling'arisha mpaka nikaitwa. Karani alikuwa dada mpole, na upole wake ndio ulionimaliza, maana mtu mkali angalau unapata pa kugombana naye.

"Nahitaji nakala ya hukumu, dada. Kesi ya madai, ya zamani."

"Hamna shida, mama. Namba ya kesi?"

"Sina. Iko wapi?"

"Inaandikwa juu ya jalada."

"Basi nitazamie kwenye jalada."

"Jalada linatafutwa kwa namba, mama."

Tukatazamana. Nikamwambia, "Dada, hapa umenifungia ndani ya sanduku, na ufunguo umo humo humo ndani." Akacheka kidogo, akanihurumia, akasema lipo daftari la majina. Nimpe jina la mdai, yaani aliyefungua kesi, na mwaka, kisha niandike barua ya maombi.

Nikaandika barua. Nikalipa ada, nikapewa stakabadhi. Nikataja jina la mama kwa sauti, na mwaka nikakisia. Karani akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna. Tukajaribu mwaka wa nyuma, hakuna. Wa mbele, hakuna. Akafunga daftari taratibu.

"Mama, pengine kesi hiyo haikuwepo."

Neno hilo nilirudi nalo nyumbani kama jiwe ndani ya kiatu. Haikuwepo vipi? Nimekua ninaisikia! Kila mgeni aliyekunywa chai kwetu alisimuliwa jinsi mama alivyomburuta jirani mahakamani, baba yake huyu Meneja, akamshinda mbele za watu. Na ukuta nao ulikuwa umefika gotini. Mteja wangu wa sare za shule akauruka akishika gauni, akanitania, "Fundi, siku hizi unatupima na kuruka?" Nikacheka, lakini moyoni nilikuwa nawaka.

Kesho yake nikarudi kwenye benchi. Nikajaribu jina la mama la kabla hajaolewa, nikajaribu la baba. Hakuna. Karani akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Jioni ukuta ulikuwa kiunoni, nami nikapindua ndoo ili wateja wapandie. Mmoja alipanda, ndoo ikateleza, akaketi juu ya saruji mbichi, akaondoka na umbo lake likiwa limebaki ukutani. Meneja alicheka mpaka akajishika mbavu.

Ndipo nikaenda kwa mama mdogo. Nilimkuta kitandani anakunja nguo.

"Mama mdogo, mama alifungua ile kesi mwaka gani hasa?"

"Alifungua nini?"

"Kesi. Alipomshtaki Fundi Saa, baba yake Meneja."

Akaiacha nguo. "Dada yangu afungue kesi? Yule aliyekuwa akiona mtu mwenye sare anajificha uvunguni? Mwanangu, alishtakiwa! Fundi Saa alitaka kuifunga njia, mama yako akakataa, mwenzake akaenda mahakamani. Siku alipoletewa samansi alilia mpaka macho yakawa kama nyanya."

"Lakini siku zote alisema..."

"Alisema, ndiyo. Babu yenu alikuwa hataki kusikia mtu wa kwake ameshtakiwa. Hata ushinde, kwake ulikuwa umeshtakiwa. Basi mama yako aliposhinda akaigeuza, akasema yeye ndiye aliyeshtaki, nasi tukaitikia. Tumeitikia miaka yote. Mimi mwenyewe nilishaanza kuamini."

Sikujua nicheke au nimrushie mto. "Yaani nimekaa kwenye lile benchi mpaka sketi imepauka, kwa ajili ya heshima ya babu?"

"Babu yako alikuwa na heshima nyingi," akasema, bila hata kutabasamu.

"Haya, na mwaka?"

"Mwaka ule nilipong'olewa haya meno ya mbele."

"Mwaka gani huo, mama mdogo?"

"Ule mume wangu alioondoka akarudi." Tukahesabu kwa watoto wake, nani alikuwa ananyonya na nani alikuwa anatambaa, mpaka mwaka ukapatikana.

"Na Fundi Saa jina lake nani?"

"Fundi Saa."

"Jina la serikali, mama mdogo."

"Mwanangu, mimi nilimpelekea saa, sikumwomba cheti cha kuzaliwa."

Basi likabaki dimbwi moja tu la kuvuka, na katikati yake amesimama Meneja. Ningemwuliza moja kwa moja angenusa. Asubuhi nikaegemea ukuta wake, chaki ya kushonea mkononi, nikaongea na mwashi kwa sauti ya kusikika.

"Fundi, hivi unajua baba yake Meneja hakuwa na jina? Alikuwa Fundi Saa tu, kama vile alizaliwa ndani ya saa."

"Nani hakuwa na jina?" Meneja akaruka. Akapanda juu ya rundo la mchanga akalimwaga jina lote, la baba, la babu, na la babu wa babu, na alipomaliza jina la tatu mimi nilikuwa nimeshayaandika yote kwenye sketi, chini ya mstari wa pindo.

"Jina zuri," nikamwambia. "Tunashukuru."

Karani alipoisoma sketi yangu kupitia nondo, kidole chake kikashuka kwenye ukurasa, kikasimama. "Hii hapa, mama. Na mama yako yumo, kama mdaiwa." Nusura niubusu mkono wake.

Mkidhani hapo nilimaliza, hamjawahi kwenda mahakamani. Jalada lilikuwa ghalani, na ufunguo wa ghala ulikuwa umekwenda msibani, mfukoni mwa mtunza ghala. Uliporudi, mashine ya nakala ilikuwa haina wino. Wino ulipopatikana, nakala ilihitaji saini ya msajili, na msajili alikuwa kikaoni. Nikamwambia karani aniletee shuka, nimeshahamia. Ofisi ikiwa inafungwa, muhuri ukaanguka juu ya karatasi, tap! Sijapata kusikia sauti tamu kama ile.

Ukuta nilikuta uko kifuani. Nikauparamia mpaka upande wangu, nikampa mwashi karatasi kwa juu. Akafuta mikono kwenye suruali, akasoma polepole midomo ikicheza, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba, kisha akaulaza mwiko juu ya tofali.

"Meneja," akasema, "hapa wanasema baba yako ndiye aliyedai njia ifungwe. Akashindwa. Njia ibaki wazi."

"Baba yangu?" Meneja hakutaka hata kuishika. "Uongo mtupu! Mama yake huyu ndiye aliyeshtaki, mtaa mzima unajua! Kamwulize mtu yeyote! Muhuri kama huo hata mimi nachongesha sokoni. Nitakwenda mahakamani nichukue nakala ya kweli."

Akaondoka na hasira zake. Nami nikaona raha ya ajabu, nikimwona tayari kwenye lile benchi, akitafuta kwa jina la mama, hakuna, mwaka wa nyuma, hakuna. Nikamwambia mwashi, "Haya fundi, bomoa."

"Hapana, mama. Mimi nimeshusha mwiko, kama nilivyoahidi. Kubomoa ni kwa amri ya mwenye ukuta. Akirudi na karatasi yake akasema bomoa, nabomoa."

Raha ikaniishia. Meneja akizunguka mwezi, ndoo yangu nayo ingekaa hapo mwezi. Nikapanda ndoo, nikaruka ukuta kwa umri wangu huu, nikamkimbilia barabarani.

"Jirani! Usitafute kwa jina la mama! Tafuta kwa jina la baba yako!" Watu wakageuka. Nikasema yale ambayo babu asingenisamehe. "Mama yangu hakushtaki! Alishtakiwa! Mnasikia? Alishtakiwa, tukawadanganya!"

Meneja akasimama, akanitazama kwa huzuni ya kweli.

"Leo hii unamsingizia mama yako mzazi," akasema, "kwa ajili ya kichochoro?"

Hakukubali mpaka nilipomwambia twende wote. Asubuhi tukaketi benchi moja, bega kwa bega, hatusemezani. Dirisha likafunguliwa. Karani akaniona, akafumba macho kidogo, kisha akamgeukia mwenzangu kwa ule upole wake.

"Hamna shida, kaka. Namba ya kesi?"

Meneja akanitazama. Namba ilikuwa mkobani mwangu. Nikamwacha ahangaike kidogo. Kidogo tu, maana nyumbani kulikuwa na watu wanapanda ndoo.