Makala Iliyonukuliwa Mara Mia Sita

Dakta Asteria Ndaki alikuwa likizo kwao Didia, akimuuguza mama yake aliyevunjika nyonga, wakati jina lake lilipopelekwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo chuoni. Alikuwa na makala kumi na moja, lakini iliyombeba ni moja tu, aliyoiandika miaka tisa nyuma na mwalimu wake, Profesa Eustace, kuhusu jinsi galaksi zinavyozeeka na kuacha kuzaa nyota. Walisema zinakoma ghafla. Watafiti wa dunia nzima walikuwa wameinukuu zaidi ya mara mia sita.

Mwanafunzi wake wa udaktari, Rebeka, binti wa mama ntilie wa machimbo ya Geita, alitaka kujenga utafiti wake juu ya makala hiyo. Mwaka mzima alirudia hesabu zake, na mwaka mzima zilikataa kulingana. Kila mara Asteria alimwambia arudie tena. Mwishowe binti akapanda basi hadi Shinyanga mjini, akamkuta Asteria kwenye steshenari alikokuwa akifuata intaneti. Akamwamkia, akaketi, akasema amekuja kuaga. Kazi hii imemshinda, bora akamsaidie mama yake kuuza chakula.

Asteria alifungua programu ya zamani iliyopiga hesabu za makala, ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka, na haikupita saa moja akaona. Angani kuna vumbi linalofunika mwanga wa nyota, na kila mpimaji hulifidia, yaani hurudisha kwenye hesabu mwanga uliofunikwa. Yeye alikuwa amelifidia mara mbili. Ulikuwa mstari mmoja, aliouandika kwa mkono wake. Alipoufuta, galaksi hazikukoma ghafla tena. Zilififia polepole, kama hesabu za Rebeka zilivyosema tangu mwanzo.

"Usiache kwanza," alimwambia. "Nipe siku tatu."

Hakumwambia kwa nini, na njia nzima ya kurudi Didia aliona aibu.

Alimpigia Profesa Eustace, akamweleza kosa hilo.

"Kamati inakaa Ijumaa ijayo," Profesa alisema. "Watu mia sita wamejenga juu ya msingi ule. Ukiung'oa, wa kwanza kuangukiwa ni wewe. Subiri, wengine wataliona."

Asteria akamjibu kwamba aliyeliona yupo tayari, na ndiye anayefunga virago.

Siku zile Asteria alipima pande zote mbili. Akisema, cheo kinakwenda, na jina la mwalimu aliyemlea linachafuka. Akinyamaza, Rebeka anarudi machimboni akiamini hana akili. Alimweleza mama yake kwa Kisukuma, akitumaini kupata nguvu. Mama, aliyeuza ng'ombe wake wote ili yeye asome, alimsihi anyamaze mpaka cheo kipite.

Siku ya tatu aliandika sahihisho kwa jarida, akatanguliza jina la Rebeka, kisha akampigia na kumweleza yote.

"Mwaka mzima, Dakta?" Rebeka aliuliza. "Mwaka mzima nilikuwa sahihi?"

Asteria alisema ndiyo. Rebeka hakushukuru wala hakulaumu. Aliomba tu atumiwe programu yote, aikague mwenyewe.

Sahihisho lilichapishwa. Kamati ikaweka kando faili la Asteria, na Eustace akaacha kumpigia. Rebeka alihitimu, akabaki chuoni kufundisha. Lakini makala ya zamani haikufa. Nukuu zake zilifika mia saba, kisha mia nane, ilhali sahihisho lilinukuliwa mara nne tu, na tatu kati ya hizo ni za Rebeka mwenyewe. Asteria aliwaandikia watafiti mmoja mmoja. Wachache walijibu kwa adabu, kisha wakainukuu tena.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya chuo: ameteuliwa kuwa profesa mshiriki, kwa kuzingatia makala yake iliyonukuliwa zaidi. Aliandika kueleza kwamba makala hiyo ina kosa. Wakamjibu kuwa kanuni inahesabu nukuu na haiulizi sababu ya kunukuliwa. Akikataa, nafasi itafutwa, na pamoja nayo fungu la kusomesha wanafunzi wawili ambao Rebeka alikuwa ameshawachagua.

Akatia saini. Mama yake, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alikuwa ameshawaalika majirani. Asteria alifunga kompyuta, akajitazama mikono kwa muda, kisha akatoka uani, ambako watu walikuwa wakimwita Profesa.